Sauti ya Adinani Ghalani

Adinani Kasubi alipofariki, aliyekitangaza kifo chake uani nilikuwa mimi. Tulirudi kutoka makaburini saa tisa, siku ya Ijumaa, nikaingia chumbani kwake, nikavaa kanzu yake yenye doa la mchuzi kifuani, nikakokota baiskeli yake na ile spika aliyoifunga kwenye usukani, nikatoka mbele ya watu.

"Tangazo, tangazo!" nikasema kwa sauti yake. "Wakazi wa Isevya na Gongoni, nawatangazia kifo changu mwenyewe, maana nyinyi kazi hii hamuiwezi. Nimekufa jana alasiri bila kumuaga mtu. Mnaomtaka mke wangu msiwe na haraka. Maharage yake hayaivi, mtakuja kujuta."

"Pole, Adinani!" watu wakaitikia. "Pole kwa kufa!"

Kwa asiyejua mambo yetu, mimi naitwa Twalibu Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, nililetwa Tabora na kazi ya reli na sikurudi tena. Adinani alikuwa Mnyamwezi. Mababu zake walibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani, wakapita kwa mababu zangu, wakagombana nao, wakala kwao, wengine wakazikwa huko huko, na kutokana na hayo tukawa watani. Ndivyo tulivyoambiwa. Msibani mtani halii. Kazi yake ni kumwiga marehemu, atembee alivyotembea na aseme alivyosema, mpaka wafiwa wacheke hata kama hawataki. Na watu nao wana kazi yao: wamwitikie kana kwamba ndiye marehemu. Anayemwita mtani kwa jina lake mwenyewe ameharibu shughuli. Kwa hiyo siku ile, kwa muda wa saa mbili, hakuna mtu pale uani aliyeniita Twalibu.

Nilimwiga barabara, si kujisifu. Kwa miaka ishirini na sita Adinani alizunguka mji huu kwa baiskeli akitangaza misiba, mbuzi waliopotea, maji yatakayokatika na mikutano ya serikali ya mtaa. Kila alipomaliza tangazo alivuta pumzi moja kwa kelele, kama mtu aliyeibuka kutoka majini, na pumzi hiyo ilipita kwenye spika mtaa mzima ukaisikia. Mimi nilivuta mbili. Ya kwanza watu walitabasamu, ya pili wakashika mbavu. Ilikuwa nyongeza yangu, na sikuiona kuwa dhambi. Mtani si shahidi wa mahakamani.

Batuli, mjane wake, alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Baadaye, watu walipopungua, alinijia nikiwa navua ile kanzu.

"Shemeji," akaniuliza, "aliniita?"

Nieleze. Batuli huuza asali karibu na soko kuu, na watu huifuata asali yake toka mbali. Wiki aliyokufa mumewe hakuwepo Tabora. Binti yao Doto alikuwa anajifungua Igunga, mimba ya shida, na Adinani mwenyewe ndiye aliyemwambia mkewe nenda, mimi sifi wiki hii. Akaenda. Alhamisi alasiri Adinani akakata roho, na aliyekuwa naye chumbani siku hiyo nilikuwa mimi. Batuli alifika Ijumaa asubuhi na kumkuta mumewe ameshaoshwa.

"Hakuita mtu," nikamjibu. "Alilala tu, usingizi ukamchukua."

Ulikuwa uongo. Aliita, na nilimsikia. Nilichomjibu nitakisema mbele ya safari, kwa sababu mpaka leo sipendi kukisema. Siku ya arobaini Batuli aliniuliza tena swali lile lile, nikampa jibu lile lile. Nilishalizoea.

Sasa kuna Zuwena. Huyu ni binti wa fundi cherehani wa Gongoni, anasomea shahada ya uzamivu Dar es Salaam. Siku ya msiba alikuwa amesimama chini ya paa la jiko, kinasa sauti mkononi, kimevishwa manyoya ili upepo usikisumbue. Watu walidhani ameleta paka. Utafiti wake ulikuwa umechanganya vitu vitatu: sauti, akili mnemba, na aina ya sanaa ya kidijitali ambayo hutazami ikining'inia ukutani bali unaingia ndani yake na kutembea. Alitaka kujenga chumba ambamo mtu atatembea njia ya zamani ya misafara kutoka Tabora hadi Ujiji, aione na kuisikia, na pembeni yake iende sauti ya mtu wa Tabora, imwelekeze, na akiuliza swali imjibu.

Mimi sina ugomvi na utafiti. Nimeshahojiwa kuhusu choo, kuhusu malaria na kuhusu reli mpya, na mara zote nilipewa soda. Zuwena aliichagua sauti ya Adinani kwa sababu, alisema, hakuna mtu mjini hapa ambaye hajawahi kuisikia akiwa amejilaza kitandani kwake. Hapo alisema kweli. Tatizo lake alichelewa. Alipoanza kumrekodi, ugonjwa wa koo ulikuwa umeshamla Adinani sauti yote, na alichopata kwa siku tano za kukaa naye kilikuwa mikwaruzo na kukohoa. Alirekodi hivyo hivyo. Baada ya msiba alitupitia majirani mmoja mmoja tumsimulie habari za marehemu, ili mashine yake iwe na la kusema. Nami nilisimulia. Nilieleza ubahili wake wa sukari na namna alivyomwogopa bata. Aliponiuliza kuhusu siku ya mwisho, nikasema hakuita mtu, alilala tu, usingizi ukamchukua. Kinasa sauti kilikuwa mezani, taa yake nyekundu inawaka.

Miezi kumi na minne ikapita. Zuwena alipewa ghala moja la zamani karibu na reli, lililokuwa likihifadhi nta, akakaa humo na nyaya zake mwezi mzima. Kisha akatuita mimi na Batuli tujaribu kabla ya ufunguzi, maana Batuli ndiye aliyetia saini fomu ya kuruhusu sauti ya mumewe itumike.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba," tukaitikia.

Alitupa maelezo. Unavaa kidude shingoni, kidogo kama kitufe cha koti, na kompyuta inajua umesimama wapi. Ukisogea, picha zinasogea na sauti inasogea. Spika zilikuwa ishirini na nne, zimefichwa nyuma ya vitambaa vyeupe, na nyuma yake kuta zilikuwa zimewambwa magodoro ili kelele za treni zisiingie. Batuli alisema niingie mimi kwanza. Alikuwa amevaa doti mpya ya kanga.

Niliingia. Kuta nne na sakafu vyote vilikuwa picha: njia nyembamba ya vumbi, miti ya miyombo huku na huku, jua la asubuhi. Mbele yangu nilisikia nyayo za watu wengi, kengele ya kirangozi anayeongoza msafara, na mtu akigumia chini ya mzigo. Nikasogea kushoto, nyayo zikaja kulia kwangu. Lazima niseme ukweli, ilikuwa kazi nzuri. Nilijikuta nimepisha wapagazi wasiokuwepo.

Halafu sauti ikaja, karibu kabisa na sikio langu la kulia.

"Tangazo, tangazo! Wasafiri mnaotoka Tabora kwenda Ujiji, kazeni viatu. Maji ya kwanza yapo mbele, mwendo wa saa nne."

Ikavuta pumzi. Kisha ikavuta ya pili.

Nilinyoosha mkono nikashika ukuta, na ukuta ulikuwa godoro. Nikaiambia ile sauti iseme tena. Ikasema tena, sasa kuhusu Urambo, na mwisho ikavuta pumzi mbili. Nikauliza Kaliua ni mbali kiasi gani. Ikajibu, pumzi mbili. Nilifanya kazi ya kupanga mabehewa kwa miaka thelathini na moja na nimeona mambo mengi yakienda kwenye njia isiyo yake, lakini sikuwahi kuona sauti yangu mwenyewe ikiwa imevaa jina la mtu mwingine na kutembea kando yangu.

Nilipotoka, Batuli alikuwa mlangoni.

"Ndiye?" akauliza.

"Ndiye," nikasema.

Sikupanga kusema hivyo. Alinitazama kwa macho ambayo nisingeweza kuyajibu vingine pale pale, mbele ya Zuwena. Akaingia, mlango ukafungwa. Alikaa ndani karibu nusu saa, na kwa sababu ya magodoro hatukusikia kitu. Zuwena alinimiminia chai ya kwenye chupa na kunieleza kuhusu mgeni wa chuo kikuu atakayekuja Jumamosi. Nilikunywa chai ile sijui hata kama ilikuwa na sukari.

Batuli alipotoka macho yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umelegea namna ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba.

"Nimemuuliza," akaniambia. "Amesema hakuniita. Alilala tu, usingizi ukamchukua."

"Si nilikwambia?"

"Wewe uliniambia, lakini wewe mtani. Mtani si husema lolote? Nilitaka kusikia kwake."

Alianza kuja ghalani kila siku. Alimwachia jirani ndoo zake za asali, akaja na udi umefukizwa kwenye kanga, akavaa kile kidude, akaingia. Kila alipotoka alikuwa mwepesi, na kesho yake alirudi mzito vile vile kuuliza swali lile lile. Siku ya tatu nilimsikia akimwambia Zuwena kwamba amemweleza Adinani habari za mjukuu, na kwamba Adinani ameuliza jina la mtoto. Zuwena alifurahi sana. Aliandika kwenye daftari lake kwamba mshiriki amekaa ndani dakika hamsini na mbili. Mimi nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Zuwena alikuwa hajui, Batuli alikuwa hajui, na mashine haina shavu la kupiga kofi. Nikabaki mimi.

Jumanne mchana, Batuli alipoondoka, nilimfuata Zuwena kwenye meza yake.

"Ile sauti si ya Adinani," nikamwambia. "Ni yangu."

Akacheka. "Mzee Twalibu, leo umeanza utani na mimi?"

"Adinani alivuta pumzi moja. Mbili nilizivuta mimi, siku ya msiba, watu wacheke. Vaa vile vipokea sauti vyako masikioni usikilize."

Hakuvivaa. Alinipa kipaza sauti na karatasi, akaniambia nisome maneno ya mwanzo kama nilivyosema msibani. Nikasoma. Akaiingiza ile sauti kwenye kompyuta ilinganishwe na ya chumbani, tukasubiri. Alipoona matokeo akairudia kazi yote tangu mwanzo, na matokeo yakawa yale yale: sauti ni moja. Hapo akavua miwani.

"Sauti ya marehemu ilikuwa na mikwaruzo mno," akasema polepole. "Niliiambia mashine ichague vipande safi, ijifunze kwa hivyo. Niliposikia imetoka nzima, nilidhani imeiponya."

"Na vipande safi ulivitoa wapi?"

Akafungua orodha. Vipande safi karibu vyote vilikuwa vya siku ya msiba. Alikuwa amevitenga kama kelele za uani tu, sufuria, watoto na vicheko, lakini faili zote zilipelekwa pamoja kwa mtu wa kuandika kila sauti ni ya nani. Mtu huyo alikuwa kijana anayeitwa Fikiri, yuko Kaliua, anafanya kazi hizo kwa simu na kompyuta kutoka kwenye duka la shemeji yake. Zuwena akampigia, akaiweka simu mezani ili nami nisikie.

"Dada, kwani nimekosea nini?" Fikiri akasema. "Wote pale walikuwa wanamwita Adinani. Pole Adinani, keti Adinani, Adinani umetuachia nani. Hakuna hata mmoja aliyemwita jina lingine. Sasa mimi ningeandika nani?"

"Yule alikuwa mtani wake. Adinani ndiye aliyekuwa amezikwa."

"Mtani?" Fikiri akasema.

"Wewe huna watani?" Zuwena akamuuliza.

"Ninao, dada. Ila sijafiwa bado."

Zuwena hakumgombeza. Alikata simu, akafungua ukurasa mwingine ambao ulikuwa umehifadhi kila swali lililoulizwa chumbani na jibu lake, na mbele ya kila jibu mashine ilionyesha imelitoa kwenye mahojiano ya nani. Swali la Batuli lilikuwa limeulizwa mara kumi na moja. Mara kumi na moja mbele yake palikuwa na jina langu.

"Kwa hiyo hata maneno ni yako," akasema.

"Ni yangu."

"Ni kweli alilala?"

Niliziangalia nyaya zilizokuwa chini ya meza. Zilikuwa zimefungwa kwa utaratibu mzuri, kila rangi na fungu lake. Zuwena akaifunga laptopu.

"Jumamosi siwezi kufungua na sauti hii," akasema. "Na mama Batuli lazima aambiwe. Alitia saini sauti ya mumewe, hakutia saini sauti yako. Kesho akija nitamweleza."

"Nitamweleza mimi."

"Yote?"

"Wewe washa taa tu, mwanangu, na uzime hayo mengine."

Nilirudi nyumbani, mke wangu akaniwekea ugali na kisamvu, nikashindwa kula. Akaniuliza kama ninaumwa, nikasema ndiyo. Hilo halikuwa uongo.

Kesho yake saa nne asubuhi tuliingia ghalani. Taa zikiwa zimewashwa, chumba kile hakina uzuri wowote: vitambaa vyeupe vyenye mikunjo, magodoro yanayochungulia pembeni, sakafu ya saruji yenye madoa ya nta ya zamani. Zuwena alibaki mlangoni. Batuli alisimama katikati, kidude chake shingoni, akageuka huku na huku.

"Mbona mmemzima?" akauliza.

Nikamletea kiti. Nikamweleza kwanza habari ya sauti, tangu kanzu mpaka Fikiri. Nilieleza kwa ufupi, kama mtu anayetoa taarifa ya behewa lililoacha njia. Mwanzoni alicheka.

"Wewe Mzaramo," akasema, "hata kaburini humwachi mwenzio?"

Halafu kicheko kikamwisha. Alikivua kile kidude shingoni, akakishika kiganjani.

"Nilimwambia jina la mjukuu. Nilimwambia wewe?"

"Uliiambia mashine, shemeji. Ila sauti iliyokujibu ni yangu."

"Na aliyeniambia hakuniita ni nani?"

"Mimi."

"Mara zote?"

"Mara zote. Msibani, siku ya arobaini, na humu ndani."

"Na ulisema kweli?"

"La."

Batuli aliweka kile kidude sakafuni, taratibu, asije akakivunja. Akakunja mikono mapajani. Nikaendelea.

Nikamwambia ilikuwa Alhamisi, saa tisa kasoro. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, nasoma gazeti la wiki iliyopita. Adinani alinishika mkono wa shati. Sauti ilishafika mahali ambapo ilibidi uinamishe sikio. Akasema, "Mwite Batuli." Simu ilikuwa mfukoni mwangu na salio lilikuwamo. Nikamwambia, "Mpagazi wangu, spika yako ile pale, kwenye baiskeli ukutani. Mwite mwenyewe, Igunga si mbali."

"Akacheka?" Batuli akauliza.

"Alijaribu kucheka, ikageuka kikohozi. Nikamfuta mdomo. Halafu akafanya kama nilivyomwambia. Aligeuza uso kwenye spika pale ukutani, akaita mwenyewe. Alikuita kwa jina, mara moja. Sauti haikufika hata mlangoni. Mimi nikacheka, nikamwambia atakuja, ameshasikia. Nikaenda msikitini kuswali alasiri. Niliporudi nikamkuta ameshaondoka."

"Kwa nini hukupiga?"

"Nilidhani ana siku. Kila wiki alikuwa anakufa, na kila wiki nilimtania akaamka akaomba uji. Nilidhani tukiendelea hivyo hatakufa kweli."

"Na baadaye, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

Hilo ndilo lililokuwepo, sikuwa na lingine zuri zaidi. Nilimpenda Adinani kuliko ndugu niliozaliwa nao, na kwa miezi kumi na minne sikuweza kumtazama mkewe machoni bila kutafuta la kumchekesha. Nilimwambia na hilo. Sijui kama alilisikia. Alikuwa anakitazama kile kitambaa cheupe mbele yake, na kupitia mlango ulioachwa wazi treni ya mizigo ilisikika ikipita polepole. Behewa la mwisho likapita.

"Aliniitaje?" akauliza.

"Kwa jina, shemeji. Alisema—"

"Sikuulizi alisema nini. Nauliza alivyoita. Si wewe unayejua kumwiga?"

"Arobaini imepita zamani. Sina haki hiyo tena."

"Mwige."

Nilimwangalia Zuwena mlangoni. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikavuta kigoda kilichokuwa pembeni, nikakaa karibu na Batuli kama nilivyokuwa nimekaa karibu na kitanda. Nimemwiga Adinani kwa miaka thelathini, sokoni, harusini na barabarani, na kila mara niliongeza kitu ili watu wacheke. Safari hii niliondoa. Niliishusha sauti mpaka chini kabisa kooni, pale inapoanza kukwaruza, mpaka ikabaki hewa tupu na jina.

"Batuli."

"Abee," akaitika.

Akainua uso, akajiweka sawa kwenye kiti, mikono mapajani, akasubiri aambiwe alichoitiwa. Adinani hakusema zaidi ya hapo.